Mgema Asiyesifiwa Studioni: Uhakiki wa Luck and Strange, Albamu ya David Gilmour

Mtayarishaji wa muziki Charlie Andrew alipokwenda nyumbani kwa mpiga gitaa David Gilmour kusikiliza nyimbo ambazo zilikuwa bado mbichi, alimwuliza mzee huyo kwa nini hapa pawe na solo ya gitaa, na kwa nini nyimbo zote ziishe kwa kufifia kidogo kidogo badala ya baadhi yake kukatika tu. Ni maswali ambayo mtayarishaji yeyote angemwuliza kijana anayeingia studio kwa mara ya kwanza, lakini aliyeulizwa safari hii ni mtu aliyejiunga na kundi la roki la Uingereza, Pink Floyd, mwishoni mwa 1967, na ambaye solo zake zimewafungia vyumbani wapiga gitaa wa vizazi vitatu, wakizifuata sauti kwa sauti mpaka vidole vikaota sugu. Gilmour mwenyewe amekisimulia kisa hicho, na kinachonivutia ni kwamba hukisimulia kwa furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo. Alimpenda Andrew hasa kwa sababu historia yake hakuijua vizuri, na hata pale alipoijua hakuiogopa.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na anayetaka kuiona methali hiyo ikitembea kwa miguu yake azisikilize albamu nyingi ambazo wanamuziki wakongwe wa roki wamezitoa peke yao baada ya kuvuka miaka sitini. Studioni hakuna wa kuwaambia hapana. Kila anayeingia amekua na picha zao ukutani, fundi mitambo anaona fahari hata kuwashikia waya, wageni mashuhuri wanaitwa kuimba ubeti mmoja mmoja ili majina yao yapambe jalada, na mwishowe linapatikana tembo lenye rangi na povu la tembo ambalo halimlevyi mtu. Luck and Strange imeuepuka mtego huo kwa sehemu kubwa, na kwa maoni yangu sifa inawaendea wale waliothubutu kumkatalia Gilmour kama inavyomwendea yeye aliyekubali kukataliwa.

Albamu ilitolewa na kampuni ya Sony tarehe 6 Septemba 2024, miezi sita kamili baada ya Gilmour kutimiza miaka 78. Ni ya tano katika albamu zake za studio za peke yake, ikitanguliwa na ile ya 1978 iliyobeba jina lake, About Face ya 1984, On an Island ya 2006 na Rattle That Lock ya 2015, kwa hiyo aliyezoea mwendo wake hakushangaa kusubiri miaka tisa. Ilirekodiwa kwa miezi mitano, Brighton na London. Andrew, aliyeitayarisha pamoja na Gilmour, anafahamika zaidi kwa kazi yake na kundi la Alt-J, ambalo albamu yake ya kwanza ilitwaa Tuzo ya Mercury, ya albamu bora ya mwaka Uingereza, mwaka 2012. Wakaingia watu ambao hawakuwa sehemu ya msafara wa zamani: Adam Betts kwenye ngoma, Tom Herbert kwenye besi, Rob Gentry na Roger Eno kwenye vinanda, na Will Gardner aliyepanga ala za nyuzi na kwaya. Wakongwe nao hawakufungiwa mlango. Guy Pratt, ambaye amempigia Gilmour besi tangu miaka ya 1980, yumo, na yumo pia Steve Gadd, mpiga ngoma ambaye huweza kuuendesha wimbo mzima kwa mkono mwepesi kiasi kwamba msikilizaji husahau kwamba kuna mtu anapiga.

Mchanganyiko huo unasikika tangu mwanzo. Katika albamu mbili zilizotangulia, sauti ya Gilmour ilikuwa imetandikwa juu ya vinanda vipana kama bahari iliyotulia, gitaa likielea juu yake, na baada ya nyimbo nne msikilizaji alikuwa ameridhika na pia amesinzia. Safari hii ngoma zimesogezwa karibu na zimekaushwa mwangwi, besi inatembea badala ya kukaa, na mahali kadhaa muziki unanyamaza kabisa ili neno moja lisikike. Sauti ya Gilmour yenyewe imezeeka, na sikusikia jitihada kubwa ya kuuficha uzee huo. Kuna mikwaruzo chini na pumzi fupi mwishoni mwa mistari mirefu. Imenipendeza zaidi kuliko ile sauti laini ya Rattle That Lock, kwa kuwa maneno anayoyaimba ni ya mtu anayejua kwamba njia iliyobaki ni fupi kuliko aliyoipita.

Maneno hayo mengi si yake. Polly Samson, mkewe ambaye ni mwandishi wa riwaya, ndiye amemwandikia kwa miaka mingi tangu enzi za Pink Floyd ya miaka ya 1990, na hapa ameandika karibu kila kitu. Mada inayozunguka ni kufa, ingawa inazungukwa kwa upole: kupita kwa miaka, watoto kuwa watu wazima, marafiki kupungua mezani. Katika A Single Spark, maisha ni cheche moja baina ya giza mbili zisizo na mwisho, na anayeimba anajiuliza ni nani atakayeyaendeleza mambo. The Piper's Call ni onyo kuhusu filimbi za vishawishi ambazo mwanamuziki wa roki wa kizazi chake alizisikia zikipigwa dirishani kila usiku. Sikubaliani na wanaosema kwamba Samson anampa mumewe maneno ya kitabuni yasiyoimbika, kwa sababu mengi yanaimbika vizuri sana, lakini nakiri kwamba mara mojamoja picha inafuata picha upesi mno, na ninatamani Andrew angeuliza kuhusu ubeti maswali yale yale aliyouliza kuhusu solo.

Wimbo ulioipa albamu jina lake una kisa kinachostahili kusimuliwa polepole. Mwaka 2007, baada ya ziara ya On an Island, Gilmour aliwakusanya wenzake wachache katika ghala la shambani nyumbani kwake wapige tu bila mpango wowote, na miongoni mwao alikuwamo Richard Wright, mpiga kinanda wa Pink Floyd, aliyefariki tarehe 15 Septemba mwaka uliofuata. Kipande walichokipiga kilikaa kabatini kwa miaka zaidi ya kumi na mitano kabla ya kugeuzwa wimbo wenye beti na kiitikio, na katika wimbo huo mikono inayosikika kwenye piano ya umeme na ogani ni ya Wright mwenyewe. Jambo kama hili lingeweza kufanywa vibaya sana. Tumezisikia rekodi ambamo sauti ya marehemu hupandishwa juu kabisa, ikavalishwa mwangwi wa kanisani na kutangazwa kama muujiza. Hapa Wright ameachwa mahali alipopenda kukaa maisha yake yote, yaani nyuma kidogo ya gitaa, akijibu kwa koodi fupi zinazochelewa nukta moja kuliko unavyotarajia. Hakuwa mpiga kinanda wa kujionyesha, na aliyezoea kazi yake atamtambua kwa nafasi alizoziacha wazi kabla hajamtambua kwa sauti alizozipiga. Gilmour anaimba juu ya kizazi chake, kile kilichozaliwa Uingereza Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, kikakulia katika amani na matumaini, na sasa kinajiuliza kama enzi ile ya dhahabu ndiyo hali ya kawaida ya dunia au ilikuwa bahati iliyopita njiani. Kuusikia wimbo huo ukijibiwa na mwenzake wa enzi ile ile, ambaye hayupo, kunafanya kazi ambayo hakuna ubeti ungeiweza.

Hata hivyo, kilele cha albamu kwangu ni wimbo ambao Gilmour hakuutunga, hakuuandikia maneno na hakuuimba. Between Two Points ni wa The Montgolfier Brothers, wawili kutoka Uingereza waliourekodi mwaka 1999 na ambao wengi hawakupata kuwasikia. Gilmour alikuwa ameupenda kwa muda mrefu, akidhani kila mtu anaujua, na alipouliza akakuta hakuna anayeujua. Wa kuuimba akawa binti yake, Romany, aliyekuwa na umri wa miaka 22, ambaye pia ndiye anayepiga kinubi kinachoufungua. Nimeusikiliza kwa hedifoni usiku, taa zikiwa zimezimwa, na nilichokiona ni kwamba msichana huyu hafanyi lolote kati ya yale ambayo waimbaji wa umri wake hufundishwa kufanya. Haipandishi sauti, haichezeshi, hawalilii wasikilizaji. Maneno ni ya mtu aliyekubali kushindwa tangu siku ya kwanza, anayepokea dharau za wengine kama anayepokea chenji dukani, na Romany anayatamka kwa ubaridi ule ule, karibu kama anayesoma barua iliyoandikwa na mtu mwingine. Kinubi kinadondoka tone moja moja kando yake. Ubaridi huo ndio unaoumiza.

Ndipo, mwishoni kabisa, gitaa la baba linaingia. Nadhani hapa ndipo swali la Andrew lilipolipa. Kwa kuwa tumekaa dakika kadhaa bila kulisikia gitaa likisimama mbele, na kwa kuwa muda wote huo tumezuiwa kulia, ule uzi mmoja unaovutwa polepole kabla sauti haijafika inakokwenda unatufungulia mlango uliokuwa umekazwa. Ni solo ya Gilmour kama zote, yenye sauti chache na zile pumzi ndefu katikati, lakini imefika kwa wakati wake. Katika Rattle That Lock ingekuwa imekwisha kupigwa mara mbili kabla ya hapo, na ya tatu isingemshtua mtu. Mtoto wa nyoka ni nyoka, husemwa, na hapa mwana hana jino la baba wala hakulihitaji.

Ukoo umeingia kwa milango mingine pia. Charlie Gilmour, mwana wa Samson ambaye Gilmour alimlea na kumfanya wake, alishiriki kuandika maneno ya Scattered, na mstari wake mmoja ndio uliompa mpiga picha Anton Corbijn wazo la picha ya jalada. Katika Sings inasikika sauti ya Joe, mwana mwingine, alipokuwa mtoto mdogo, akimhimiza baba yake aimbe. Yote haya yalianza, kwa namna fulani, mwaka 2020 wakati wa karantini, familia ilipokuwa ikikaa pamoja na kutangaza moja kwa moja mtandaoni usomaji wa riwaya ya Samson na nyimbo za hapa na pale, na mwaka huo huo baba na binti wakatoa wimbo Yes, I Have Ghosts, ambao umewekwa hapa kama nyongeza. Ni rahisi kuwacheka wakongwe wanaojaza nyumba yao yote kwenye rekodi, na nilikuja nikiwa nimejiandaa kucheka. Kwa Romany sikuthubutu. Kwa Sings nilitabasamu kwa adabu: ni wimbo mtamu, wenye kiitikio kizuri, lakini sauti ya mtoto imewekwa pale ili tulainike, nasi tunajua kwamba imewekwa pale ili tulainike, na ndiyo nafasi pekee katika albamu ambapo nililionja maji ndani ya tembo.

Dosari nyingine ni ndogo. Vipande viwili vya ala tupu, Black Cat unaofungua na Vita Brevis ulio katikati, vinapita kabla hujavishika. Cha kwanza kina kazi, kwani kinamtambulisha mwenye nyumba bila neno, lakini cha pili ni kizingiti cha kuvukia tu kwenda kwa Romany, na jina lake, ambalo kwa Kilatini ni maisha mafupi, limejitekeleza lenyewe. The Piper's Call, uliochaguliwa kutangulia sokoni mwezi Aprili 2024, ndio wimbo wa kawaida kuliko yote, na naelewa kwa nini ulichaguliwa: unamhakikishia shabiki wa zamani kwamba hajaibiwa mtu wake. Dark and Velvet Nights, kwa upande mwingine, ulinishtua. Maneno yake yalikuwa shairi ambalo Samson alimpa mumewe kama zawadi ya kumbukumbu ya ndoa yao, na ungetarajia kitu cha mishumaa na fidla. Badala yake Betts anapiga ngoma kwa kishindo, ogani inanguruma, na Gilmour anaimba mapenzi ya uzeeni kwa ukali wa kijana aliyekatazwa kutoka usiku. Ningependa nyimbo mbili zaidi za namna hiyo.

Kisha kuna Scattered, unaofunga albamu. Unaanza kwa mpigo wa chini unaofanana na mapigo ya moyo, na msikilizaji yeyote wa Pink Floyd atakumbuka moyo mwingine uliofungua albamu ya kundi hilo, The Dark Side of the Moon, mwaka 1973. Sidhani kama ni bahati mbaya, na sidhani pia kwamba ni kujisifu, kwa sababu moyo wa 1973 ulikuwa wa vijana waliokuwa wakikiwaza kifo kwa mbali, ilhali huu ni wa mtu anayeuhesabu. Ala za nyuzi za Gardner zinapanda hadi zinakaribia kuukasirikia wimbo, zinajikunja, kisha Gilmour analichukua gitaa kavu, lisilo la umeme, na kupiga solo ambayo vidole vyake vinasikika vikiteleza na kugusa nyuzi. Hata makosa madogo ya kidole yameachwa, au angalau yanasikika kama yameachwa. Baada yake ndipo linapokuja gitaa la umeme na kupaa kama tulivyozoea. Nimerudia sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara ni gitaa kavu ninalolingoja.

Wakati wa kuitangaza albamu, Gilmour alisema kwamba anaiona kuwa kazi bora aliyoifanya tangu hiyo hiyo albamu ya 1973. Wasanii husema hivyo siku ya kuuza, na anayekumbuka kwamba Wish You Were Here, albamu nyingine ya Pink Floyd, ilitoka mwaka 1975 ana haki ya kukohoa kidogo. Ninachoweza kusema ni kwamba kati ya albamu zake tano za peke yake hii ndiyo bora, na pengo kati yake na inayofuata si dogo. Nchini Uingereza ilipanda hadi namba moja, kama zilivyofanya mbili zilizoitangulia, lakini mashabiki wake wangeifikisha huko hata kama angerekodi mvua ikinyesha juu ya bati, kwa hiyo hilo halinisaidii katika hukumu. Linanisaidia zaidi jambo la mwaka 2019, alipoyatia magitaa yake kwenye mnada wa Christie's na lile jeusi la Stratocaster, ambalo sauti yake ndiyo iliyomjengea jina, likauzwa kwa dola 3,975,000, fedha zote za mnada zikaenda kwa shirika la ClientEarth kwa ajili ya mapambano dhidi ya mabadiliko ya tabianchi. Mtu aliyekwisha kuachana na chombo kile hakuwa na sababu ya kukasirika alipoulizwa solo ya nini.

Kwa anayetaka kununua, nyimbo tisa za msingi zinachukua dakika zipatazo 43, urefu ambao santuri inaubeba bila kubanwa, na kazi hii imepangwa isikilizwe kwa mfuatano. Anayeisikiliza kwenye simu kwa kuchanganya nyimbo atapoteza hasa ule mlango wa Between Two Points niliousimulia. Spika za kawaida zinatosha, lakini hedifoni zinaonyesha jinsi kinubi na ngoma vilivyowekwa karibu na sikio. Anayemjua Gilmour kwa nyimbo za Pink Floyd za redioni tu aanze na Dark and Velvet Nights, na anayemjua kwa kina aanze mwanzo.

Mimi ningemshauri achukue toleo la CD, kwa ajili ya nyongeza moja: kipande kizima cha ghalani cha 2007, kama kilivyopigwa, chenye dakika karibu kumi na nne. Kisikilizwe baada ya albamu, si kabla. Hakina beti wala kiitikio, Pratt na mpiga ngoma Steve DiStanislao wanashikilia mwendo mmoja tu, na Gilmour anapapasa kamba kutafuta kitu ambacho bado hakijui. Kila anapokikaribia, Wright ameshafika na kumwekea koodi ya kukanyagia.